Rafia, Tukula na Sindano: Historia ya Nguo za Wakuba

Ukiuliza vijana wetu wa leo nguo ya asili ya Kongo ni gani, wengi watakujibu bila kufikiri: kikwembe. Na kwa kweli mama zetu wamekifanya kikwembe kuwa chao. Wanakipa majina, wanakitumia kusema yale ambayo mdomo hauwezi kusema. Lakini tukifuata historia, kikwembe kilitoka mbali: ufundi wa nta na rangi ulitoka Java, viwanda vya Uholanzi na Uingereza viliuiga katika karne ya 19, kisha meli ziliuleta kwenye pwani za Afrika. Mbele ya kikwembe kulikuwa amerikani na kaniki, zilizoingia toka mashariki juu ya vichwa vya wapagazi. Na mbele ya amerikani? Hapo wengi wananyamaza, ao wanasema: "Wazee walivaa ngozi na majani."

Majani, ndiyo. Lakini majani yaliyofumwa, yakatwangwa, yakatiwa rangi, yakapambwa kwa sindano mpaka wageni wakashangaa. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Pacheco Pereira aliandika kwamba watu wa ufalme wa Kongo walitengeneza kwa mitende nguo zenye manyoya kama mahameli, na kwamba hata Italia haikutoa zilizo bora kuliko hizo. Mtu huyu hakuwa na sababu ya kutusifu bure.

Katika kurasa hizi tutasema hasa juu ya Wakuba wa Kasai, kwa maana kwao njo ufundi huu ulifika mbali na ukadumu. Na iko jambo moja tunalotaka lisipite haraka kama linavyopita katika vitabu vingi: nguo hii ilihitaji mikono miwili, wa mwanaume na wa mwanamke, na ilitengenezwa kwa ajili ya maiti kuliko kwa ajili ya soko. Asiyejua hilo hawezi kuelewa kwa nini leo iko katika hatari.

Sisi watu wa mashariki na wa kusini tusidhani kwamba ni habari ya Kasai peke yake. Wasongye walifuma vipande vya rafia vilivyoitwa madiba, na vipande hivyo vilipelekwa kwa Waluba, ambako vilihesabiwa kama mali: kulipa mahari, kulipa faini, kumaliza deni. Huko Angola, Wareno wenyewe walilipa askari wao wa Luanda kwa nguo za rafia, paka mwaka 1694 walipoleta sarafu za shaba. Ni kusema kipande cha rafia kilikuwa franka kabla ya franka.

Na huko Maniema, katika soko la Nyangwe, mwaka 1871, Livingstone aliona wanaume wakitembea kwa maringo katika nguo za majani za rangi kali, zenye mikunjo mingi, na wamama wakiuza na kununua kwa mamia. Tarehe 15 Julai mwaka ule, watu wenye bunduki waliofuatana na wafanyabiashara wa pwani walifyatulia risasi soko lile lile. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake, wengi wakizama mtoni. Biashara iliyoleta bunduki njo iliyoleta amerikani, na katika miaka michache nguo ya dukani ilichukua nafasi ya nguo ya rafia katika sehemu mingi za mashariki. Tuseme kweli yote: hata lugha tunayoandikia hapa ilipita njia hiyo hiyo.

Ufalme wa Wakuba ulikuwa mbali na njia ile. Uko kati ya mito Kasai, Sankuru na Lulua. Mji wa mfalme ni Nsheng, ambao wengi tunauita Mushenge, katika eneo la Mweka. Msafiri wa treni itokayo Lubumbashi kwenda Ilebo anapita Mweka, lakini si wengi wanaojua ni nchi gani wanayopita. Wakuba si kabila moja: ni Wabushong ambao ni wenye ufalme, pamoja na Washoowa, Wangeende, Wangongo, Wapyaang, Wakete, Wacwa na wengine, wote chini ya mfalme anayeitwa Nyimi.

Masimulizi ya jumba la mfalme yanasema hivi: zamani Wakuba walivaa maganda ya miti yaliyopondwa. Kisha alitokea Shyaam aMbul aNgoong, mtu aliyesafiri sana upande wa magharibi, kwa Wapende na kwingine, akarudi na akili mingi. Wanahistoria wanauweka utawala wake katika nusu ya kwanza ya karne ya 17. Yeye njo anayesemwa kuwa alileta kufuma rafia na kudarizi, pamoja na muhogo, tumbako na mchezo wa bao. Emil Torday, mtafiti aliyefika Nsheng mwaka 1908, aliandika habari hizo kama alivyozisikia.

Sisi tunaheshimu masimulizi ya wazee, lakini tuyasome kwa macho wazi. Mfalme mmoja hawezi kuleta kila kitu. Nguo yenye manyoya ilijulikana upande wa magharibi zaidi ya miaka mia moja kabla ya Shyaam, sawa vile Pacheco Pereira anavyoshuhudia, kwa hiyo masimulizi yanasema kweli juu ya njia: ufundi ulitoka upande wa jua kuzama. Ila yanatuficha watu. Tunajua majina ya wafalme, na sura zao zimechongwa katika miti. Mwanamke wa kwanza wa Kishoowa aliyepitisha uzi wa rafia chini ya nyuzi za kitambaa na kuukata kwa kisu, huyo hana jina wala sanamu.

Basi tueleze kazi yenyewe.

Kazi inaanza na mwanaume. Anapanda mti wa rafia, anakata jani changa lililo katikati, lile ambalo bado halijafunguka, kwa sababu likisha kufunguka na kupigwa na jua linakuwa gumu. Anachuna ngozi nyembamba ya juu ya kila jani dogo, anaianika, anaipasua kuwa nyuzi. Nyuzi hazisokotwi kama pamba. Zinafumwa hivyo hivyo, juu ya mtambo wa miti uliosimama kwa kuinama kidogo, na mfumaji anaketi karibu chini yake. Urefu wa kitambaa hauwezi kupita urefu wa jani. Njo maana nguo ya rafia inatoka mtamboni kama kipande cha mraba, mara mingi chini ya mita moja kila upande, na njo maana vilevile iliweza kuwa feza: vipande vinafanana, vinahesabika, vinafungwa mafurushi.

Kipande kikitoka mtamboni ni kigumu kama mkeka. Hapo kinaingia mikononi mwa mwanamke. Analoweka, anakanda, anakitwanga katika kinu kwa mchi sawa vile anavyotwanga muhogo, mpaka kinalainika. Kazi hii inaharibu: kitambaa kinatoboka. Mwanamke anaweka kiraka. Wengi wanaojua nguo hizi wanaeleza kwamba hapo njo chanzo cha yale mapambo makubwa ya viraka tunayoyaona katika marinda marefu ya Wabushong na Wangeende, viraka vyenye sura ya ndoano, ya mkia, ya duara. Kwanza viliziba tundu. Kisha mwanamke mmoja akaweka kiraka pasipo tundu, ili kilingane na kile cha kwanza. Na baada ya hapo, kumbe, ni mtindo. Tunapenda maelezo haya, kwa maana kila mama aliyeshona suruali ya mtoto wa shule anaelewa mara moja.

Rangi zilitoka porini na bondeni. Ile iliyo kubwa kuliko zote ni nyekundu ya tukula, inayotoka katika moyo wa miti ya jamii ya Pterocarpus, miti ile ambayo wenye kukata mbao wanaijua kwa wekundu wake. Mtu anasugua gogo la tukula juu ya jiwe lenye maji, na polepole unapatikana unga mwekundu mzito. Rangi ya tukula ina tabia moja ya kusumbua: haiyeyuki vizuri katika maji. Ukiiweka tu kwenye sufuria ya maji baridi na kutumbukiza nguo, utapata kidogo sana. Inahitaji kusagwa laini sana, kusuguliwa ndani ya nyuzi na kupikwa kwa muda mrefu. Maji ya majivu yanasaidia. Tukula ile ile ikichanganywa na mafuta ya ngazi inapakwa mwilini, kwa wazima siku ya ngoma na kwa maiti siku ya mazishi. Wakuba walikanda hata vipande vya tukula tupu, wakavichonga mapambo kama ya nguo, na vipande hivyo viligawiwa kama kumbukumbu ya marehemu. Kwa hiyo nguo nyekundu ya Mkuba haina rangi ya urembo tu. Ni rangi ile ile inayopakwa maiti.

Manjano hupatikana katika mizizi, hasa ya mti wa Morinda, ambao wengine wanautumia pia kama dawa ya homa. Nyeusi, katika sehemu mingi za Kongo, inapatikana kwa ndoa ya vitu viwili: majani ao maganda yenye ukakasi, na matope meusi ya bondeni. Wanafunzi wa kemia watatambua mara moja: ukakasi ni tanini, matope yana chuma, na vikikutana vinatoa weusi usiotoka kwa kufua. Wazee hawakuwa na neno tanini, lakini walijua bonde gani lina matope mazuri na gani halina kitu. Na mwisho iko rangi ya rafia yenyewe, ile ya majani makavu, ambayo kwa muda inageuka kuwa kama asali. Kwa rangi nne hizi, wakati mwingine mbili tu, wamama hawa walifanya yote.

Sasa tufike kwenye mahameli ya Kasai, kama wazungu walivyoiita. Hii ni kazi ya wanawake, na Washoowa njo mafundi wake wakubwa. Mwanamke anachukua uzi mmoja wa rafia uliotiwa rangi, anausugua mikononi mpaka unakuwa laini, anautunga katika sindano ya chuma. Anaupitisha chini ya uzi mmoja tu ao miwili ya kitambaa, ili upande wa nyuma usionekane kitu. Anauvuta mpaka unabaki ncha fupi mbele, kisha kwa kisu kidogo chembamba anaukata upande wa pili, milimita mbili ao tatu tu juu ya kitambaa. Hakuna fundo. Unashikwa na ubano wa ufumaji wenyewe. Halafu uzi wa pili, na wa tatu, na wa elfu. Kipande kimoja kilicho kizuri kinaweza kuchukua miezi mingi, kwa maana mwanamke anakifanya akisha kutoka shambani, akisha kupika, mvua ikinyesha. Hachori chochote mbele. Pambo liko kichwani mwake.

Na ni kichwa gani! Mwaka 1971 mwalimu wa hesabu wa Marekani, Donald Crowe, alitoa utafiti juu ya mapambo ya Wakuba. Wataalamu wa hesabu wamethibitisha kwamba ziko njia 17 tu za kurudia pambo pande zote juu ya uso bapa, kwa kuligeuza, kulisogeza ao kulipindua. Na njia 7 tu za kulirudia katika mstari mmoja. Crowe alikuta katika kazi za Wakuba zote 7 za mstari, na 12 kati ya zile 17. Wanawake ambao hawakuingia darasani hata siku moja! Tungependa walimu wetu wa hesabu wachukue kipande cha nguo hii darasani badala ya kuchora vigae ubaoni.

Lakini hesabu haielezi yote. Mwanamke wa Kishoowa anaanza pambo moja kwa mpango, na katikati ya kitambaa analibadilisha: mistari inapanuka, pembe inageuka, rangi inahama. Mgeni anafikiri amesahau. Hakusahau. Kitambaa kilichofuata mpango mmoja toka pembe mpaka pembe, kwa macho ya wenyewe, ni kazi ya mtu asiye na mawazo. Mapambo yana majina, na jina la Woot, babu wa kwanza wa Wakuba, ni mojawapo. Lakini waliofanya utafiti walikuta pambo moja likiitwa jina hili na mtu huyu, na jina lingine na mtu mwingine, kwa sababu kila mmoja anaangalia sehemu nyingine ya pambo.

Kupata pambo jipya ilikuwa heshima hata kwa mfalme. Nyimi akitawazwa alipaswa kutoa pambo lake, likachongwa kwenye ngoma yake. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha Nyimi pikipiki. Pikipiki haikumpendeza sana. Kilichompendeza ni alama ambayo magurudumu yaliacha katika mchanga. Akaamuru inakiliwe, ikapewa jina lake. Wengine wanacheka hadithi hii kana kwamba mfalme hakuelewa mashine. Sisi tunaona aliyeelewa kidogo ni yule aliyefikiri mashine peke yake ndiyo ya kutazama.

Marinda marefu ni habari nyingine. Rinda la mwanamke linaweza kufika mita sita na zaidi, vipande kwa vipande vilivyoshonwa pamoja, linazungushwa kiunoni mara kadhaa na kufungwa mkanda. La mwanaume ni refu zaidi, lina ukingo wa pande zote na vifundo vidogo vya rafia vinavyoning'inia, na wanaume wenyewe njo wanaoshona na kupamba yale ya wanaume. Mtu mmoja hamalizi rinda kama hilo. Dada, wajukuu, mashemeji, kila mmoja anachukua kipande chake. Likiisha, si la mtu mmoja: ni la ukoo. Mkubwa wa ukoo anayahifadhi, anajua lipi lilitoka kwa nani.

Na linangoja nini? Linangoja kilio. Mkuba akifa, maiti inavikwa marinda, moja juu ya lingine, na mapambo ya simbi na shanga, kisha inaketishwa watu waitazame. Ukoo unakaa kikao: tutoe lipi? Wengine wanaleta ya kwao kwa kumheshimu marehemu, na linaloletwa likiwa baya linaweza kukataliwa mbele ya watu. Aibu kubwa! Kwa imani yao, anayekwenda kwa mababu bila nguo ya rafia hatatambulika na ndugu zake waliotangulia; kumzika mtu kwa kikwembe ao kwa suti peke yake ni sawa na kumzika uchi. Walio hai wanaweza kuvaa jeans kila siku, hakuna neno. Patricia Darish, mtafiti wa Marekani aliyeishi kwao katika miaka ya 1980, aliandika vizuri juu ya hilo: nguo hizi ni mavazi ya maisha yajayo. Basi kazi ya miaka inaingia kaburini siku moja. Mtu wa biashara atasema ni hasara. Mkuba atakuuliza: ulifikiri tulikuwa tunamshonea nani?

Sasa tuone jinsi mambo yalivyoharibika, na hapa tutapita haraka kwa kuwa mengine yanajulikana. Mwaka 1892 William Sheppard, mmisionari wa Kipresbiteri, Mmarekani mweusi, alifika Nsheng ambako mgeni wa nje hakuruhusiwa kufika. Walimwona kama mtu wa ukoo wa kifalme aliyezaliwa upya, wakampokea. Nguo alizopewa na kununua zilinunuliwa mwaka 1911 na shule ya Hampton, huko Virginia, na ziko huko mpaka leo. Lakini baada ya mmisionari ilikuja kampuni. Toka mwaka 1901 Compagnie du Kasai ilinunua mpira wa pori kwa nguvu, na mwaka 1904 Wakuba waliasi, wakapigwa. Sheppard aliandika aliyoyaona, kampuni ikamshitaki, mwaka 1909 korti ya Léopoldville ikamwachilia. Sisi tunajiuliza jambo dogo: mwanaume aliyeshinda porini akitafuta mpira, nani alipanda mti wa rafia? Na bila vipande vya mwanaume, mwanamke anashona juu ya nini?

Kisha lilikuja soko. Wakati wa Wabelgiji mahameli ya Kasai yalipendwa na wazungu: ni madogo, yanakunjika, yanaingia katika sanduku. Mchoraji Henri Matisse alitundika vipande vingi ukutani mwa nyumba yake Ufaransa na kuvitazama kila siku. Misioni na shule ya sanaa ya Nsheng zilisaidia kuuza. Hatusemi soko lilikuwa baya. Wajane walilipa karo kwa kazi hiyo, na bila soko pengine sindano ingelala. Lakini soko lilichagua. Lilitaka kipande kidogo, kilichoisha upesi, chenye rangi zinazong'aa. Manyoya yakaanza kuachwa mbali mbali, pambo likarudiwa bila kugeuka, tukula ya wiki nzima ikaachia nafasi unga wa rangi wa dukani unaochemka kwa saa moja. Mtu anayejua anaona upesi: zambarau kali na chungwa kali havikutoka katika mti wowote wa Kasai.

Yaliyotuuma zaidi ni ya marinda. Toka miaka ya 1980, watu wa biashara walianza kutafuta marinda ya zamani, yale ya hazina ya ukoo. Njaa ilikuwapo, mshahara haukuwapo, watoto walikuwa wagonjwa, ukoo ulitoa. Na rinda la mita sita haliuziki kirahisi kule Brussels ao New York, halienei ukutani. Basi likakatwa. Vipande vikawekwa kila kimoja katika kioo chake. Nguo ambayo dada watano waliiunganisha kwa miaka, mkasi uliitenganisha kwa dakika kumi, na kila kipande kikawa sanaa.

Na vifo vyenyewe vimebadilika. Mwaka 2007 Ebola iliingia katika maeneo ya Mweka na Luebo; Septemba 2025 ilitangazwa tena Bulape, ndani kabisa ya nchi ya Wakuba, na ilitangazwa kwisha Desemba mwaka huo. Katikati, miaka ya 2016 na 2017, vita vya Kamuina Nsapu vilikimbiza watu zaidi ya milioni moja katika Kasai kubwa. Sheria ya mazishi salama ya Ebola ni sheria nzuri, inaokoa watu, na hatuna la kuipinga. Lakini inasema: familia isiguse maiti, isiioshe, isiivike. Na mkimbizi anayezika mtoto kando ya njia hana sanduku la ukoo karibu. Tukisema ufundi wa rafia unapungua kwa sababu vijana hawapendi kazi, tunasema sehemu ndogo tu. Nguo iliyoshonwa kwa ajili ya kilio inahitaji kilio kinachoweza kukaa siku zake.

Sindano haijalala, tusiandike kama watu wanaozika kitu kilicho hai. Kule Mweka wako wanaofuma na wanaodarizi, na mahameli yanauzwa Kinshasa, Kananga na Lubumbashi. Kwa anayetaka kununua tunatoa shauri la watu wa nyumbani. Geuza kitambaa nyuma: kazi nzuri haionyeshi mishono upande wa pili. Pitisha kiganja: manyoya yawe yamebanana, yasiinuke yakikupa njia. Loanisha kidole, sugua rangi nyekundu pembeni: rangi mbaya ya dukani itabaki kidoleni mara moja. Na uliza jina la aliyeshona. Muuzaji atashangaa, maana hakuna anayeuliza. Akilijua, liandike nyuma, pamoja na kijiji na mwaka.

Kwa maana katika majumba ya makumbusho, London kwenye nguo za Torday, Hampton kwenye za Sheppard, Tervuren kwenye mafurushi ya Wabelgiji, karatasi iliyo chini ya nguo inataja kabila, mwaka, na jina la mwanaume aliyeichukua. Mshonaji ni "Mkuba" ao "Mshoowa", basi. Hata hivyo nguo yenyewe haikunyamaza. Ukiwa mbele ya rinda refu ambalo halijakatwa, usilitazame lote kwa pamoja. Anza upande mmoja na fuata mshono kama unavyofuata njia. Kipande cha kwanza mishono ni midogo, imebanana, nyeusi imeiva. Cha pili vilevile. Cha tatu uzi ni mnene kidogo, viraka vinaelekea kushoto, nyeusi imekuwa ya kahawia, kama matope ya bonde lingine. Cha nne mkono wa kwanza umerudi.